Umepangiwa kazi nje ya nchi? Nimejibu maswali yenu

Meseji zimekuwa nyingi toka niwaambie kwamba nimeshahamishwa kikazi nchi za nje mara mbili, zote nikiwa na familia, basi leo najibu chache ambazo naona zinawagusa wengi.

Dada habari. Ofisi inanipeleka nje miaka 2 na mshahara wameupandisha karibu mara mbili. Nisaini tu?

Subiri kwanza kaka yangu. Hiyo namba haikwambii kitu mpaka ujue kipi unalipa wewe na kipi wanalipa wao: nyumba, ada za watoto, bima ya matibabu ya familia nzima na siyo yako peke yako, tiketi za likizo, mizigo, na mkataba ukikatika katikati nani anawarudisha. Yote yawe kwenye maandishi. Mimi mara ya kwanza niliahidiwa nyumba kwa mdomo tu, bosi aliyeahidi akahamishwa kabla sijafika, aliyekuja akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwenye faili haoni kitu kama hicho, nikalipa mwenyewe mwaka mzima.

Waulize pia kodi ya mapato utalipa wapi. Wengi wamesikia habari za siku 183 wakadhani ukikaa nchi ya watu chini ya hapo umepona kodi ya kule, hapana. Kwenye mikataba mingi ya kuzuia kodi kutozwa mara mbili hizo siku ni sharti moja kati ya matatu, la pili anayekulipa asiwe mwajiri wa nchi unayokwenda, la tatu gharama ya mshahara wako isibebwe na tawi lao lililoko kule. Na kama una uraia wa Marekani, wao wanahesabu kipato chako popote ulipo duniani. Omba ofisi ikulipie mtu wa kodi, ni ombi la kawaida kabisa.

Shikamoo dada. Mke wangu ana kazi nzuri ila amekubali kuacha tuende wote, anasema atatafuta kazi hukohuko. Kuna shida?

Marahaba mdogo wangu. Hapa naomba tukae kidogo, maana kwa nilivyoona hapa ndo safari nyingi zinapovunjikia. Viza ya mwenza haifanani kila nchi, kuna inayomruhusu kufanya kazi toka siku ya kwanza, kuna inayomtaka aombe kibali chake mwenyewe, na kuna inayomkatalia moja kwa moja. Ulizeni hilo KABLA hajaandika barua ya kuacha kazi, na huko kazini kwake aulize kwanza kama wanaweza kumpa likizo bila malipo.

Mume wangu alikuwa mhasibu, ana watu saba chini yake, tulipofika kule viza yake ikawa haimruhusu kazi. Mi natoka asubuhi, naongea na watu kutwa, narudi nimechoka nataka kimya, yeye ndo kwanza anatafuta wa kuongea naye. Siku moja nimerudi saa moja jioni nikamkuta kakaa mezani, viatu kavaa, funguo mkononi, nikamuuliza unaenda wapi, akasema, "Nilirudi saa nne asubuhi." Yaani alitoka, akarudi, akakaa, hakuona sababu ya kuvua viatu. Nilikaa chini pembeni yake nikalia.

Kilichotusaidia ni darasa la lugha, kila asubuhi, siku tano kwa wiki, na siyo lugha yenyewe tu, ni kwamba alikuwa na mahali pa kuwahi na watu wanaomjua kwa jina lake, siyo kama mume wa fulani. Kwa hiyo kwenye mazungumzo yako na ofisi weka darasa la mkeo kama unavyoweka nyumba. Na pesa mkubaliane mapema, asije akawa anakuomba hela ya nauli.

Nina mwezi wa 3 huku. Mwanzoni nilifurahi sana, sasa kila kitu kinaniudhi, nalia bafuni. Nimekosea kuja?

Pole sana mpenzi. Hujakosea. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika juu ya hali hii mwaka 1960, akaeleza kwamba mgeni huanza na furaha, kisha huja kipindi cha hasira na kuona nyumbani ndo kila kitu, halafu taratibu anainuka. Wewe uko hapo katikati. Usifanye uamuzi mkubwa sasa hivi. Ila kama hulali, huli, au unawaza kujidhuru, hilo usisubiri lipite, muone daktari leo.

Watoto niwahamishe lini?

Angalia kalenda ya shule ya huko, kuna nchi mwaka wa masomo unaanza Agosti au Septemba na nyingine Januari au Februari. Aliye kwenye miaka 2 ya mwisho ya sekondari mimi nisingemhamisha, labda mtaala uwe uleule.

Makaratasi gani watu wanasahau?

Pasipoti, nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele. Vyeti vya ndoa, kuzaliwa na elimu vigongwe muhuri wa apostili, yaani wa kuthibitisha kwamba cheti ni halali ili kikubalike nchi nyingine, kama nchi zote mbili zimo kwenye mkataba wa Hague wa 1961, kama hazimo itabidi upite ubalozini, na hiyo inakula wiki. Chanjo ya homa ya manjano cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, usichome siku ya kuamkia safari.

Narudi baada ya miezi 4 na makao makuu wako kimya kuhusu nafasi yangu.

Waandikie wiki hii, uombe jina la nafasi na tarehe ya kuripoti, nakala kwa bosi wa bosi wako. Ukimya huo mara nyingi maana yake hakuna aliyekupangia kitu, na ukifika bila kitu mkononi wanakupa meza tu. Na watoto waambie mapema tarehe ya kuondoka wapate kuwaaga marafiki zao, wangu nilimwambia zikiwa zimebaki siku nne na mpaka leo ananikumbusha.