Gazoni yako ya mwezi wa saba haijakufa, imelala

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita hapa Lubumbashi watu wananiuliza swali moja juu ya gazoni, yale majani mafupi ya kiwanja: yaya gazoni yangu imekufa nifanye nini, na jibu langu ni lile lile: weka jembe chini kwanza. Theluji hatuna, lakini tuko juu, karibu mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba unajua mwenyewe namna unatafuta blanketi ya pili, tena mvua ilishakata tangu mwezi wa nne na hairudi mpaka wa kumi kule. Majani yanapata baridi na kiu kwa mara moja, njo maana yanageuka rangi ya mkeka.

Ukitaka kuhakikisha, piga magoti asubuhi, shika shina moja pale linapoingia udongoni, kwaruza ganda na ukucha. Ndani kukiwa kweupe ao kijani, na kidole kinasikia unyevu kidogo, iko hai. Likikatika kavu kama kijiti cha kiberiti, na ya kando yake vilevile, basi pale ndiyo pamekufa. Fanya hivyo pahali kumi mbalimbali mbele ya kuamua kitu.

Mimi mwaka wa kwanza sikufanya. Nilinunua urea nikaimwaga mwezi wa saba, kwa sababu niliona kwa jirani kungali kijani, na kila mangaribi nilikuwa napitisha tuyo, ule mpira wa maji, dakika tano nikiamini nasaidia. Kisha wiki mbili viraka vikaungua, na asubuhi unaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui juu ya majani. Jani lenye kulala halikuli, ile chumvi ya mbolea inabakia mu udongo mkavu inachoma mizizi, na maji ya mangaribi yanalala juu ya majani usiku muzima wa baridi, ukungu unafurahi. Iliniumiza sana kwa sababu ile gazoni tuliipanda na bibi yangu shina kwa shina.

Sasa ninamwagilia mara moja kwa siku kumi ao kumi na mbili tu, saa tatu za asubuhi jua likishapanda, lakini ninamwagilia kabisa. Naweka kopo tupu ya tomati katikati ya majani, maji yakifika sentimita mbili ndani ya kopo nafunga. Najua bomba linakujaka saa linataka na pompe inangoja umeme, kwa hiyo kama maji ni ya bido, yale madumu ya kubeba, gawa kiwanja: leo upande huu, kesho kutwa ule, kuliko kulowesha vumbi kila pahali. Yale uliyosafisha nayo mboga pia ni mazuri, ya sabuni hapana.

Kukata, acheni kukata mpaka chini! Najua sababu, watu wanaogopa nyoka, na kijana wa kupe-kupe, yule wa kukata majani na panga, anataka mteja aone kazi. Lakini udongo ukibakia uchi jua la mchana linaukausha na vumbi jekundu linakaa juu. Acha urefu wa vidole vinne, nyoka utamfukuza kwa kusafisha kando ya ukuta na kuondoa matofali yenye kurundikana. Na moto usijaribu hata siku moja, upepo wa mwezi wa nane hauna rafiki.

Gari lisipite juu, watoto wachezee upande mwingine. Mchwa wakianza kujenga vijia vya udongo, ondoa na rato (reki) majani makavu yote, ndiyo chakula chao.

Mbolea ingojee mvua mbili tatu kubwa. Pale penye kipara, kata mashina ya urefu wa kidole pembeni ya baraza ambako majani yamesongamana, laza mu udongo uliolowa, acha ncha inje, kanyaga polepole na mguu bila kiatu.