Kabla hujamwita msanii wa kibao kimoja

Ukisema unataka kuzama kwenye pop na rock za miaka ya 80, hukosi mtu wa kukutumia orodha ya wasanii wa kibao kimoja, wale waliovuma mara moja kisha kimya. Orodha hizo ni tamu, nami nazisikiliza mpaka leo. Ila ukikutana na jina humo, jiulize kwanza: kimya wapi? Nyingi hufuata Hot 100 ya jarida la Billboard, na hiyo ni chati ya Marekani.

Chukua Dexys Midnight Runners. "Come On Eileen" ilikaa namba moja Marekani wiki moja tu, Aprili 1983, ikiwa imebanwa katikati ya "Billie Jean" na "Beat It" za Michael Jackson. Kupenya hapo si jambo dogo! Baadaye Wamarekani wakawasahau. Kwao Uingereza, hata hivyo, walikuwa wameshashika namba moja tangu 1980 kwa "Geno". Sikiliza pale katikati ya "Come On Eileen": mwendo unashuka hadi karibu kusimama, sauti zinaanza chini kwa chini, halafu makofi, ngoma na fidla vinaanza kukimbizana mpaka wimbo wote unalipuka. Aliyeupanga hivyo hakubahatisha. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kutafuta albamu nzima, nayo kwa hawa ni Too-Rye-Ay ya 1982.

Nena ni hivyo hivyo. Machi 1984 "99 Luftballons" ilifika namba mbili Marekani ikiwa kwa Kijerumani, juu yake ikiwepo "Jump" ya Van Halen pekee. Kwao Ujerumani Nena ni nyota hadi leo, na mwaka 2003 alirudi kwenye chati za Ulaya akiimba na Kim Wilde.

Jizoeze pia kusoma jina la mtunzi. "Tainted Love" ya Soft Cell ilidumu wiki 43 kwenye Hot 100, lakini si wao walioitunga. Ni ya Ed Cobb, na Gloria Jones alikuwa ameshairekodi katikati ya miaka ya 60. Mimi nilipoisikia sauti ya Gloria nilihama kabisa, nikaingia kwenye soul ya zamani, na sijatoka.

Halafu yupo Bobby McFerrin. "Don't Worry, Be Happy" kila mtu anaijua, na mtandaoni bado wapo wanaoiweka chini ya jina la Bob Marley, aliyefariki 1981. Wimbo ulitoka 1988 na ukafika namba moja bila ala hata moja: besi, mluzi, vitikio, vyote ni McFerrin mwenyewe, sauti juu ya sauti. Wakati huo alikuwa tayari na tuzo za Grammy za jazz, na baadaye akaongoza okestra za muziki wa klasiki. Kumwita mtu wa kibao kimoja ni kumkosea heshima.

Kama una muda, achana na orodha za kuchaguliwa, usikilize kipindi kizima cha American Top 40, kipindi cha redio cha kila wiki kilichohesabu nyimbo 40 za juu Marekani, kutoka namba 40 hadi namba moja. Casey Kasem alikiongoza tangu 1970 hadi 1988, na kilisafirishwa kwenda vituo vya redio kikiwa kwenye santuri. Siku hizi vituo kadhaa vya Marekani hurudia vipindi vyake vya miaka ya 80, na unaweza kuvipata mtandaoni. Anza na namba 40, usiruke. Wimbo unaodhani unaujua utausikia ukiwa na majirani zake wa wiki ile, na ukifuatilia wiki zinazofuata utauona unapanda, unaganda, unashuka.

Jambo la mwisho, maana limewasumbua wengi: nyimbo za kipindi hiki zimejaa matoleo yaliyorekodiwa upya miaka mingi baadaye, yenye jina lile lile na pengine msanii yule yule, lakini ngoma zimepwaya na sauti si ile. Kabla hujaupakua, angalia mwaka na jina la albamu. Ukikuta ni mkusanyiko usioeleweka umetoka wapi, endelea kutafuta.