Duty ya gari na "niko duty": neno ni lile lile?

Mwenzetu ameuliza kwa nini bawabu langoni husema yuko duty, na wakala wa forodha naye husema gari halitoki bandarini mpaka lilipiwe duty. Ni neno moja, au mawili yaliyogongana sauti? Ni moja, nami limeshaniaibisha.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi ya kutoa mizigo bandari ya Kilindini, Mombasa, mjomba alikuwa ameagiza gari Japani, likawa limefika lamngoja. Akanipigia simu nimezongwa na makaratasi. Nikamjibu mbio mbio, "Niko duty mjomba, nitakupigia." Nilimaanisha niko zamu. Yeye akafahamu kwamba niko dirishani nalipa ushuru. Jioni navuka feri kwenda kwake, majirani wanipa hongera za gari! Na gari lenyewe hata kukaguliwa lilikuwa bado.

Sasa asili yake. Duty imezaliwa na due, kitu unachodaiwa. Ilipitia Kifaransa kilichosemwa Uingereza zamani, na nyuma kabisa kuna Kilatini debere, kuwa na deni. Lishike hilo la deni hutapotea. Unachodaiwa na serikali ni ushuru, saa unazodaiwa na mwajiri ni zamu, na unachodaiwa na wazazi au dhamiri yako ni wajibu. Mwingereza amevitia vyote kapu moja, sisi tuna neno kwa kila kimoja. Tena ushuru wetu umetoka kwenye Kiarabu cha fungu la kumi. Laiti ingebaki kumi! Viwango vikuu vya forodha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na hapo VAT ya Kenya ya asilimia 16 haijaingia.

Heavy duty ndiyo iwachanganyayo wengi. Muuza betri mmoja Mwembe Tayari alinishikilia kwamba bei iko juu kwa sababu "ni heavy duty, ushuru wake mzito". Siyo. Hapo duty ni kazi ambayo kifaa kimeundiwa, basi ni betri ya kazi nzito. Duty free ya uwanja wa ndege nayo si ya bure, ni bila ushuru tu, mfuko utautoa.

Kwenye kuandika, sema I am on duty. Ile on usiiache kama tunavyoiacha kwenye Kiswahili chetu cha mtaani, maana I am duty ni sawa na kusema "mimi ni ushuru". Wingi wake, duties, ukiuona kwenye tangazo la kazi ni shughuli utakazofanya. Ukiuona kwenye karatasi za bandari, tafuta pesa.

Mjomba hadi leo nikimwambia niko duty huniuliza kwanza, "Ya kulipa au ya kulipwa?"