Akiba tuliyoiweka kwa kuogopa mwaka 2000, na ninayokushauri uiweke leo

Kila mara intaneti inapokatika kwa zaidi ya siku moja, hawakosekani vijana hapa Mbeya wanaoniuliza kama ni kweli kwamba sisi wa enzi zile tuliwahi kujaza stoo mahindi, chumvi na mafuta ya taa kwa sababu ya kuogopa kompyuta. Ni kweli, tulijaza. Kwa anayefikiria kufanya hivyo leo ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na huo: kabla hujatoa fedha, jiulize kitu hicho utakifanyia nini iwapo siku unayoiogopa itapita salama. Ikiwa mtakila au mtakitumia kama kawaida, nunua bila wasiwasi. Ikiwa kitakaa stoo kikingoja balaa, kiache dukani.

Tatizo lenyewe halikuwa uzushi, ingawa siku hizi wapo wanaolisimulia kama kichekesho. Katika miongo ya mwanzo ya kompyuta nafasi ya kutunzia kumbukumbu ilikuwa ghali mno, kwa hiyo waandishi wa programu waliuandika mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho tu, 65 badala ya 1965, na desturi hiyo ikaendelea hata baada ya nafasi kuwa rahisi. Mwaka 99 ulipokaribia kwisha, ikajulikana kwamba mashine nyingi zingesoma 00 kuwa 1900, na hesabu zote zinazotegemea tarehe, kama vile riba, umri, mishahara na muda wa matengenezo ya mitambo, zingevurugika.

Wakati huo nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya kununua kahawa hapa mjini, na ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa kila jioni. Fundi aliletwa kutoka Dar es Salaam kuikagua. Aliisogeza tarehe hadi tarehe 31 Desemba 1999, dakika chache kabla ya saa sita usiku, kisha akatuita tusimame nyuma yake tuangalie. Saa ilipogeuka, mwaka uliotokea kwenye kioo ulikuwa 1980. Mhasibu wetu, mzee aliyeanza kazi kwa madaftari makubwa ya jalada gumu na hakuwa na imani na kile chombo tangu siku kilipoingia mlangoni, akauliza, “Kwa hiyo madeni ya wakulima yamefutika?” Fundi akamjibu kwa heshima, “Hapana, mzee, madeni yapo, ila mashine haijui leo ni lini.”

Baada ya hapo tuliagizwa kuchapisha kila kitu: salio la kila chama cha msingi, orodha ya mishahara, malipo ya awali, mikopo ya pembejeo. Ile mashine ya kuchapia ya pini ilipiga kelele kwa siku nyingi, karatasi zake zenye matundu pembeni zikijikunja sakafuni, nasi tukazikata, tukazitia kamba na kuzifungia kwenye kabati la chuma. Huwa nawaambia watu kwamba katika akiba zote nilizoziona mwaka ule, hakuna iliyozidi ile. Kompyuta ilirekebishwa na mwaka mpya ukaingia bila tatizo, lakini kwa miaka kadhaa kila ulipozuka ubishi kuhusu nani alilipwa nini, ni lile kabati lililofunguliwa.

Nyumbani mambo yalikuwa na sura nyingine, kwa sababu huko hofu ya kompyuta ilichanganyika na hofu ya mwisho wa dunia. Msiba wa Mwalimu Nyerere wa tarehe 14 Oktoba 1999 ulikuwa umetuacha wengi na moyo mzito, na haikuwa vigumu kwa mhubiri wa pale Mwanjelwa kuunganisha msiba huo, mwisho wa karne na mitambo ya Wazungu kuwa unabii mmoja. Wapo waliouza mbuzi. Hilo silisemi kwa dhihaka, kwa maana kwa jirani zetu wa Uganda, huko Kanungu, kundi la kidini lililowaaminisha watu kwamba dunia ingefika ukingoni mwaka ule lilikuwa limewafanya wafuasi wake wauze mali zao. Tarehe ilipopita bila kitu kutokea, mamia yao waliteketea au kuuawa, na habari zikajulikana Machi 2000. Akiba ya chakula inaweza kuharibika na bado ukaanza upya, lakini aliyeuza shamba na mifugo hana pa kuanzia. Yeyote anayekushauri uuze chombo cha uzalishaji ili ujiandae kwa janga, mwogope yeye kabla ya janga.

Mume wangu hakuuza kitu, ila alitaka tununue magunia ya mahindi mwezi wa Desemba. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kutoka Tukuyu kututembelea, alimsikiliza hadi mwisho kisha akasema, “Mwanangu, mahindi ya kuweka hununuliwa Julai. Ya Desemba ni ya kula tu.” Alikuwa na hoja ambayo wengi wa mjini huisahau. Katika nyanda zetu hizi za juu mahindi huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na bei huwa chini wakati huo. Kufika Desemba na Januari mvua imekolea, vihenge vinaelekea kwisha na bei imepanda. Anayekimbilia sokoni kwa sababu ya uvumi hununua ghali na, lililo baya zaidi, hununua mahindi ambayo huenda yamepigwa na unyevu njiani.

Tukakubaliana kununua kidogo, na mama mkwe ndiye aliyetufundisha kuyapima. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi kiasi cha robo chupa pamoja na chumvi kavu kidogo, unafunga na kutikisa kwa dakika chache, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka, na ukiyaweka yatafanya ukungu. Chumvi ikianguka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa. Kwa mahindi yetu, chumvi iliganda. Ilibidi tungoje siku za jua, ambazo Mbeya mwezi wa Januari si nyingi, ndipo tuyaanike kwenye turubai uani, mtoto mmoja akifukuza kuku. Baada ya hapo kuna kazi ya kuyakinga na fukusi na dumuzi, ambaye aliingia nchini kupitia Tabora miaka ya 1970 na hana mchezo. Akipewa miezi michache kwenye gunia lisilotiwa dawa, hukuachia unga wa vumbi. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayofungwa kwa kukazwa sana shingoni, ambayo huua wadudu kwa kuwanyima hewa bila dawa yoyote. Ningekuwa nayo wakati ule nisingetafuta kitu kingine.

Wengine walinunua unga badala ya mahindi, wakidhani wamejirahisishia. Unga wa dona una kiini cha punje chenye mafuta, na baada ya muda huanza kuwa mchungu; sembe hustahimili zaidi, lakini haudumu kama punje nzima. Hata hivyo mwenye punje naye ajiulize atazisaga wapi umeme ukikatika. Mtaani kwetu jibu lilikuwa mashine ya dizeli ya jirani mmoja, na wale waliokuwa na kinu na mchi nyumbani walionekana ghafla kuwa watu wenye busara.

Kuhusu mafuta nitasema kwa ufupi, kwa sababu ni mahali ambapo watu hujiumiza. Dumu la mafuta ya taa likikaa chumba kimoja na maharage na mchele, chakula hushika harufu ambayo haitoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa. Petroli ni mbaya zaidi, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo na yenyewe huharibika kadiri inavyokaa. Weka mkaa, mishumaa na taa ya chemli yenye mafuta ya wiki moja au mbili, basi. Viberiti navyo hunywa unyevu wa masika ya huku, kwa hiyo vitie kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana.

Dawa sishauri kabisa kulimbikiza. Mwaka 1999 watu walinunua klorokwini kwa makopo, na mwaka 2001 Serikali ikaiondoa kuwa dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaweka dawa nyingine iitwayo SP, nayo baadaye ikapisha dawa mseto. Mgonjwa wa kudumu, mwenye kisukari au shinikizo la damu, azungumze na daktari wake awe na dawa za mwezi mmoja mbele, na atumie zilizotangulia kwanza.

Kitu kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote usiku wa kuamkia mwaka 2000 kilikuwa redio ndogo na betri zake. Mwaka mpya hauingii kwa wakati mmoja duniani. Saa sita usiku ya New Zealand, Desemba, kwetu ni saa nane mchana. Ya Japani ni saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo mwenye redio alikwisha kusikia tangu mchana kwamba New Zealand ina umeme na simu, na jioni akasikia kwamba Tokyo inawaka taa, huku asiye na redio akiendelea kujaza ndoo za maji na kufunga madirisha. Mume wangu aliposikia habari za Japani alikwenda kulala. Hadi leo nikiulizwa kitu cha kwanza cha kununua, nasema redio isiyotegemea simu wala intaneti, pamoja na betri zinazotolewa ndani zinapokuwa hazitumiki, maana zikivuja hula shaba yote.

Mambo machache yaliharibika kweli. Katika mkoa wa Ishikawa, Japani, vifaa vya kupimia mionzi kwenye kinu cha nyuklia vilipata hitilafu baada ya saa sita usiku. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, programu ilikosea kukokotoa umri wa wajawazito, na zaidi ya wanawake 150 wakapewa majibu yasiyo sahihi kuhusu hatari ya watoto wao kuzaliwa na Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa mwili na akili. Wanaosema tuliogopa bure wasisahau hayo, wala wasisahau kazi ya ukarabati iliyotangulia, ambayo gharama yake duniani hukadiriwa kuwa dola za Marekani zipatazo bilioni 300. Balaa halikuja kwa sababu wengi walikesha wakilizuia, wala halikuzuiwa na chumvi ya stoo yangu.

Tofauti ya wakati ule na sasa ni kwamba mwaka 1999 kompyuta ilikuwa ofisini na maisha yetu yalikuwa nje yake. Ningeishi mwezi mzima bila kuigusa. Leo muuza nyanya wa Soweto ya hapa Mbeya hupokea malipo kwa simu, umeme wa nyumbani hununuliwa kwa tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe, na namba ya ndugu haipo kichwani mwa mtu yeyote. Mei 2021 mfumo wa kuuza umeme wa luku ulipopata hitilafu, watu wenye fedha walikaa gizani kwa kukosa tu pa kununulia. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota nchini. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na mtaani kwetu aliyekuwa na noti mfukoni ndiye aliyenunua mboga.

Kwa hiyo stoo ya leo inaanza na vitu vyepesi. Weka fedha taslimu za matumizi ya wiki mbili, na ziwe noti ndogo, kwa sababu siku ya shida hakuna mwenye chenji. Nunua umeme kabla mita haijaanza kulia. Andika kwenye daftari, kwa kalamu, namba za simu za ndugu, za mwenye nyumba, za shule na za zahanati. Toa nakala za karatasi za hati ya kiwanja, vyeti, kadi ya bima na taarifa ya benki ya hivi karibuni, uziweke mahali pasipoingia maji. Mahindi, maharage na chumvi viwepo pia, lakini viwepo kwa sababu mnavila kila wiki na kuvijazia kila Julai, wala si kwa sababu kuna tarehe fulani inayokuja.

Na tarehe kwa kweli ipo. Mashine nyingi za zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo itajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Simu na kompyuta mpya kwa kawaida zimekwisha kupewa nafasi kubwa zaidi. Wa kujali ni mwenye duka, ghala au zahanati anayeendelea kutumia vifaa vya mtumba. Ana muda wa kutosha kumwita fundi aisogeze tarehe mbele na kuangalia kitakachotokea, kama alivyofanya yule wa ofisini kwetu. Lakini anakili kwanza kumbukumbu zake zote, kwa kuwa zipo programu za hesabu ambazo zikishaiona tarehe ya mbele hukataa kurudi nyuma.