Rimoti ya Mjomba

Agosti 2022 nilikaa siku nne bila kuongea na mjomba, na tulikuwa tukilala nyumba moja hapa Nakuru.

Tulipiga kura ya urais wa Kenya tarehe 9. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikaweka kwenye tovuti fomu za matokeo ya urais (34A) za vituo vya kura zaidi ya 46,000, kila mtu ajisomee. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, kila kimoja kivyake. Runinga moja ikawa inaonyesha Raila anaongoza, nyingine Ruto. Mjomba alishika rimoti hataki ile yake iguswe. Mimi nikajifungia chumbani na simu, natazama ile iliyonipa raha. Kila mmoja wetu aliamini mwenzake analishwa uongo.

Kumbe fomu zilikuwa zile zile. Ukianza na za Nyanza unapata kiongozi mmoja, ukianza na za Mlima Kenya unapata mwingine. Matokeo yalipotangazwa tarehe 15, Ruto alikuwa na asilimia 50.49 na Raila 48.85. Pengo jembamba namna hiyo, mpangilio tu wa kuhesabu ungeweza kumgeuza yeyote kuwa mshindi wa jioni moja.

Nawalaumu wahariri kwa kutupa asilimia kwa maandishi makubwa bila kutueleza vizuri fomu zimetoka wapi. Lakini rimoti hawakuishika wao. Runinga huishi kwa matangazo ya biashara, na matangazo hufuata watazamaji. Sisi tulikuwa tunakimbilia penye habari tamu. Mimi nilifanya baya zaidi: nilipiga picha tarakimu za runinga yangu nikazitupa kwenye kundi la ukoo. Binamu yangu alijibu kwa uchungu, akajitoa. Mpaka leo hajarudi, na linaniuma.

Kwa hiyo uchaguzi wa 2027, kabla hujasambaza tarakimu, tafuta imetoka vituo vingapi, na vya kaunti zipi. Usipopata, iache kwenye simu yako. Na ukiweza, tazama habari chumba kimoja na yule msiyekubaliana naye, hata kama mtanuniana.

Sisi tulichelewa. Siku ya tano mjomba aliniita sebuleni: "Hebu njoo, mpwa wangu, nifungulie hiyo tovuti." Tukatafuta fomu ya shule tuliyopigia kura. Yeye akavaa miwani akawa anasoma, mimi naandika kwenye daftari, na runinga tumeizima.