Shangazi, nahudumu kanisani mpaka nasinzia kazini. Niache kazi?

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni moja mjini. Kanisani ni mwalimu wa kwaya, katibu wa jumuiya, na sasa wamenipa uweka hazina wa kamati ya harusi ya binti wa mzee wa kanisa. Kila siku saa 9 usiku tuna maombi kwa simu. Wiki iliyopita niliandika ankara ya milioni 4 badala ya laki 4, bosi kanipa barua ya onyo. Nimenunua daftari la ratiba, nimepakua apu ya kupanga muda, wapi. Mume siku hizi kanyamaza tu, na mdogo juzi kaniuliza, "Mama, leo unalala hapa?" Mwenzangu wa maombi anasema hii ni vita ya kiroho, shetani anatumia kazi kunitoa kwenye utumishi, na Mariamu alichagua fungu lililo jema. Niache kazi nimtumikie Mungu?
Mchovu wa Mbagala

Marahaba mwanangu, pole sana na mihangaiko.

Kazi usiache. Nalisema mapema maana najua kuna mtu ashaanza kukuandalia ushuhuda wa jinsi ulivyoacha mshahara kwa imani, na huyo mtu mwisho wa mwezi hatakulipia kodi wala ada.

Sasa hiyo vita ya kiroho. Mwanangu, mtu anayelala saa 6 usiku baada ya kuosha vyombo, akaamka saa 9 kuomba, akarudi kitandani saa 10, halafu saa 11 alfajiri yuko barabarani anagombania daladala, huyo kwa siku hafikishi hata masaa manne ya kulala, tena ya kukatakata, na mtu wa hivyo ataongeza sifuri kwenye ankara hata kama shetani yuko likizo. Bosi wako hajatumwa na mtu. Kuna mteja kaletewa bili ya milioni 4 kwa mzigo wa laki 4, wewe ungekuwa ndo mteja ungepiga simu ukiwa unaongea taratibu?

Kuhusu Mariamu naomba nikubishie kidogo. Mariamu alikuwa ameketi miguuni pa Yesu anamsikiliza, dada yake Martha ndo alikuwa anahangaika na kazi. Wewe unaketi saa ngapi? Jumapili yako unafundisha sauti kabla ya ibada, baada ya ibada kikao cha jumuiya, mchana mazoezi, jioni kamati ya harusi mnahesabu nani kalipa mchango na nani kaahidi tu. Huyo ndo Martha kabisa, yule aliyeambiwa anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, ila wewe unafadhaikia kanisani badala ya jikoni basi unaona ni fungu jema.

Mtu nayetaka umwangalie ni Danieli. Yule alikuwa mwajiriwa tena wa ngazi ya juu, mmoja wa wakuu 3 waliosimamia viongozi 120 wa ufalme, na bosi wake hakuwa hata mtu wa dini yake. Alikuwa anapiga magoti mara tatu kwa siku, hiyo ya madirisha yaliyofunguliwa kuelekea Yerusalemu tunaihubiri kila mwaka. Ila mistari michache kabla ya hapo huwa tunairuka, Danieli 6:4, wale maadui zake walianza kwanza kukagua kazi yake ya ofisini watafute pa kumnasia, wakakosa, kwa sababu alikuwa mwaminifu, ndo wakaamua wamtafutie kosa kwenye dini yake. Sasa wewe leo wakikukagua wataishia kwenye faili la kwanza tu. Na tuambizane ukweli, ukiwa unajibu grupu la sopranos saa 4 asubuhi kwenye kompyuta ya kampuni, huo muda umeshalipwa na mtu. Sheria ya ajira ya 2004 inaweka kikomo cha masaa 45 ya kawaida kwa wiki na inakupa saa nzima ya kupumzika katikati ya siku, basi meseji za kwaya weka kwenye hiyo saa, na grupu lizime sauti mpaka mchana. Wiki nzima ina masaa 168, bosi hajakuchukulia hata theluthi, usimsingizie.

Alafu kuna hili ambalo halitakufurahisha. Hilo daftari na hiyo apu havikufanya kazi kwa sababu ulikuwa unapanga vizuri mambo ambayo hukutakiwa kuyakubali. Ungekuwa na ratiba ya rais bado ungesinzia. Na nadhani (nisamehe kama nakosea, sikujui ana kwa ana) unapenda kuitwa. Mchungaji akisema "bila mama fulani hili haliendi" unasikia raha, nani hasikii, wakati nyumbani hakuna anayekupigia makofi kwa kusaini daftari la mtoto. Yesu aliwahi kuwagombeza watu waliokuwa wanasema mali yao ni Korbani, yaani wameshamtolea Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao, iko Marko 7. Wale walifanya kwa mali, wewe jihadhari usije ukafanya kwa muda. Mtoto akiuliza kama mama atalala nyumbani, hilo ni swali la kujibiwa kabla ya la mwenyekiti wa kamati.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwaya baki nayo, ndo kipaji chako, ila tafuta vijana wawili uwafundishe kuongoza mazoezi, Jumanne wasimamie wao na wewe uko nyumbani, wakikosea noti wakosee. Yethro alimkuta Musa amekaa na foleni ya watu asubuhi mpaka jioni akamwambia kabisa hili si jema, utajidhoofisha wewe na hawa watu pia, na huyo alikuwa mkwe tu, kaja kutembea. Ukatibu wa jumuiya uachie, kwa barua, siyo kwa kulalamika pembeni. Uweka hazina wa harusi kabidhi na hela yote na orodha ya michango mbele ya watu wawili, tafadhali hapo usicheze, maneno ya hela za harusi hayaishagi.

Maombi ya saa 9 usiku ni mazuri kwa wenye nafasi hiyo, hujakatazwa kuomba saa 3 usiku ukiwa macho. Eliya alivyochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumwongezea mkesha, alimwacha alale, akamwamsha ale, akalala tena.

Mume wako usiende kwake na mpango ulioandikwa. Mpeleke mahali mkae, simu iwe kwenye mkoba, umuulize anaonaje, alafu usimkatize hata akisema vitu vinavyouma. Kama kwa muda mrefu amenyamaza hatafunguka siku moja.

Na mwenzako wa maombi mshukuru, ila habari za bosi wako usimpelekee tena.

Barua ya onyo ijibu wiki hii hii, kwa maandishi, nusu ukurasa inatosha. Kubali kosa la ankara, sema utakavyohakikisha halijirudii, mfano kumwomba mwenzako apitie tarakimu kabla hazijatoka, saini, weka nakala kwako. Mistari ya Biblia usiweke humo.