Red Hat, SUSE au Ubuntu kwa seva za kazini?

Ndugu, umeuliza ulipie ipi kati ya Red Hat, SUSE na Ubuntu (zote ni aina za Linux, mfumo unaoendesha kompyuta) kwa seva zenu za kazini. Mi nakushauri uanze na programu mtakayoiendesha, sio Linux yenyewe, maana aliyetengeneza programu ndo anasema anaisapoti kwenye mfumo gani, mfano databesi ya Oracle 19c haijaidhinishwa kwa Ubuntu, ukiiweka huko ikizingua utabaki peke yako. Kama ni SAP (programu za kuendesha shughuli za kampuni), SUSE wamekaa nayo miaka mingi sana, waangalie kwanza.

Kama ni mambo ya wavuti tu, Ubuntu LTS (toleo linalosapotiwa muda mrefu) unaanza bure na unapata masasisho miaka 5, ukichukua Ubuntu Pro (huduma yao ya ziada) inafika 10, sawa na Red Hat.

Halafu kitu watu wanasahau, hiyo hela ni ya sapoti na masasisho, kwa hiyo jiulize usiku wa manane seva ikilala nani ataamka? Kama timu yenu inajiweza kweli, Rocky Linux au AlmaLinux, Linux nyingine mbili, zinafanana sana na Red Hat na ni za bure. Red Hat yenyewe pia ina leseni ya bure ya madevelopa, mashine hadi 16, ijaribu kwanza kabla hujasaini chochote.